Poda Chini ya Macho

Asubuhi ya kupigwa picha, Bi Karibu aliketi kwenye kigoda kando ya dirisha, taulo shingoni ili sare isipate doa, akamwachia bintiye uso wake. Alifanya hivyo shingo upande. Kwa miaka mingi alikuwa akimwambia binti huyo huyo kwamba kupaka watu rangi si kazi ya kumtajia mtu, na kwamba makopo yake yale yangelijaza pipa la taka vizuri zaidi kuliko yanavyojaza meza.

Binti mtaani walimwita Kope, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila kope za bandia, hata akienda kumwaga taka. Alimaliza shule, akatafuta kazi, akachoka kutafuta, akajifunza upambaji kwenye simu. Sasa maharusi wa mtaa mzima walipitia kigoda kile. Mama yake aliitwa Bi Karibu kwa kuwa alikuwa mtu wa mapokezi hotelini, na neno hilo lilikuwa limemganda mdomoni kiasi kwamba mtu akigonga mlango wa choo naye yumo ndani, alijibu, "Karibu, tukusaidie nini?"

Siku hiyo hakuwa na hamu ya mzaha. Hotelini alikuwa amekuja meneja mpya, mtu wa viatu visivyotoa sauti na maneno laini, aliyetangaza kwamba hoteli inabadilisha sura. Wafanyakazi wa mapokezi wangepigwa picha kubwa itundikwe ukutani nyuma ya meza yao, tena iwekwe kwenye tovuti. Wale ambao sura zao hazingepatana na picha wangehamishiwa idara nyingine, alisema kwa ulaini ule ule. Idara nyingine kila mtu aliijua. Ni kule chini ya jengo, kwenye kufulia, ambako mvuke unaingia kifuani na hautoki, mshahara ni wa jina tu, na hakuna mgeni anayeacha bakshishi kwa ajili ya shuka.

Bakshishi ndiyo iliyokuwa ikiiweka nyumba ile hai. Mumewe alikuwa fundi wa kuezeka, na watu waliendelea kumwita Fundi ingawa tangu alipoanguka kutoka juu ya paa la mtu alikuwa akilala chumba cha nyuma, miguu haimtii. Mshahara wa Bi Karibu ulilipa kodi ya nyumba. Dawa za Fundi, na mtu wa kuja kumnyoosha miguu, vilitokana na kile wageni walichoacha juu ya meza ya mapokezi. Bi Karibu alijivunia jambo hilo kuliko kitu chochote duniani. Aliamini wageni walimpa kwa sababu ya ulimi wake, kwa sababu aliyakumbuka majina yao na vyumba walivyovipenda. Wenzake walipata nusu ya alichopata yeye, na hakuacha kuwakumbusha.

Shida ilikuwa chini ya macho. Fundi alihitaji kugeuzwa kila baada ya muda ili mgongo usiote vidonda, na anayegeuza mtu mzima usiku kucha halali. Weusi ulikuwa umemchimbia Bi Karibu mashimo mawili, na chini ya mashimo vimekaa vifuko. Alikuwa amejaribu kila alichoambiwa na majirani. Vifuko vilibaki pale pale, vimetulia kama wapangaji wasiolipa.

"Funga macho," Kope alisema. "Usikunje uso, mama. Ukikunja, inajikusanya kwenye mikunjo."

Alianza na rangi ya chungwa ya kuua weusi, akaifuatishia konsila, krimu ya kufichia madoa, iliyoizidi ngozi weupe kidogo, akaigonga gonga kwa sponji yenye unyevu mpaka ikayeyuka. Kisha akafungua kikopo cha poda ya kung'arisha, nyeupe, laini kuliko unga, akaiweka nyingi chini ya kila jicho na kuiacha itulie wakati akishughulikia nyusi. Mwishowe akaipunguza yote kwa brashi, taratibu, ikabaki ile tu iliyoshika. Akampa kioo.

Bi Karibu alijitazama kwa muda mrefu. Mashimo hayakuwepo. Mwanamke aliyekuwa kwenye kioo alikuwa amelala vizuri, ana mume anayetembea, hana wasiwasi wa kesho. Kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kumsifu mtoto wake, alisema tu kwamba si mbaya.

"Niwekee kidogo kwenye karatasi, niende nayo."

"Hapana. Hii poda ina tabia yake. Ikizidi kidogo tu, mwanga wa kamera unaikamata, inarudi nyeupe. Nimeipima, ilivyo sasa iko sawa. Ukitoka jasho, bonyeza kwa tishu, basi. Usiongeze."

Bi Karibu aliitikia. Kope alipokwenda kumpelekea baba yake chai, mama alikifungua kile kikopo, akamimina poda kwenye kipande cha nailoni, akakifunga fundo na kukisukuma ndani ya pochi. Alifanya hivyo bila kuona haya. Mtu aliyewahi kuishiwa na vitu vingi hawezi kuelewa maana ya kutoongeza.

Fundi alitaka amwone kabla hajaondoka. Bi Karibu akasimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, na mumewe akamtazama kuanzia juu hadi chini, kisha akageuzia uso ukutani. Alikuwa ameogopa. Mke aliyemjua, yule wa macho yaliyochoka, alikuwa wake na asingekwenda popote. Huyu wa mlangoni hakuwa na uhakika naye.

"Ungejipamba hivyo wakati nilipokuwa nasimama," alisema.

Bi Karibu alimwambia chai itapoa, akaenda zake.

Hotelini walimpokea kwa vicheko vizuri. Dereva wa hoteli alijifanya hamfahamu, akamuuliza amefikia chumba gani. Msichana wa zamu ya jioni, ambaye ngozi yake haikuhitaji kitu na yeye mwenyewe alilijua hilo, alimzunguka mara mbili akisema mama leo umetuua. Bi Karibu alifanya kazi kwa moyo mweupe mpaka meneja alipopita. Meneja akasimama, akamtazama usoni muda mrefu kuliko ilivyo kawaida, akatabasamu.

"Vizuri, mama," alisema. "Vizuri sana."

Ukweli ni kwamba mtu yule alifurahi. Alikuwa amekwisha kumwandika kichwani mwake kuwa wa kwenda kufulia, na alipomwona hivyo akafikiri labda abaki, kwa vile wageni wa zamani wanamzoea. Lakini mwenye hofu husikia anachokiogopa. Bi Karibu alisikia lile neno mama, akasikia jinsi sauti ilivyolainika, akaamini kwamba meneja ameona mashimo na anamhurumia kama anavyohurumiwa mgonjwa. Akaomba ruhusa, akaenda choo cha wafanyakazi.

Taa ya choo kile ilikuwa mrija mrefu wa umeme wenye mwanga wa samawati, taa ambayo ingemfanya hata mtoto mchanga aonekane ana homa. Chini yake, Bi Karibu aliona kivuli kikirudi chini ya macho. Akafungua fundo la nailoni. Brashi hakuwa nayo, akatumia kidole. Alipaka upande wa kulia, akaona wa kushoto umebaki nyuma, akaongeza wa kushoto, wa kulia ukaonekana umepungua. Alikwenda hivyo mpaka nailoni ikawa tupu. Kwa macho ya kawaida haikuwa mbaya, uso tu ulikuwa umekauka kidogo. Akatoka ametulia kabisa.

Mpiga picha alikuwa na haraka, ana harusi ya watu inamngoja. Aliwapanga nyuma ya meza, akamwambia Bi Karibu ainue kidevu, akawamulika kwa mwanga mkali mara kadhaa. Akachungulia kioo kidogo cha kamera yake. Kama aliona kitu, hakusema. Yeye alilipwa kwa ajili ya picha. Uso ni mali ya mwenye uso.

*

Picha ilionyeshwa siku iliyofuata kwenye mkutano wa wafanyakazi wote, ndani ya ukumbi wa chakula, imemulikwa ukutani kwa ukubwa wa mlango. Wapishi walikuwepo, walinzi walikuwepo, hata watu wa bustani. Bi Karibu alikaa mstari wa mbele kwa makusudi, ili wasipate tabu ya kumtafuta wa kumpongeza.

Ukutani walisimama watu wanne wa mapokezi. Watatu walikuwa watu. Wa nne alikuwa na mabaka mawili meupe chini ya macho, yanawaka, kama mtu aliyevaa miwani ya chokaa. Kisha mtu mmoja upande wa wapishi akapumua kwa pua, na ukumbi mzima ukavunjika mbavu.

Meneja hakuwakataza. Alingoja wacheke, mikono mfukoni, naye akitabasamu kidogo kwa kuwa alikuwa mgeni na alitaka kupendwa. Kisha akaivuta picha, uso wa Bi Karibu ukaja mbele peke yake na kuujaza ukuta.

"Nani amempaka mama yetu hivi?" aliuliza, kwa upole.

Bi Karibu alisimama. Hakuna aliyemwambia asimame, ni mazoea ya kazi. Angeweza kunyamaza, angeweza kusema ni yeye. Kipande cha nailoni kilikuwa bado kwenye pochi aliyoishika.

"Binti yangu," alisema. "Ni mambo ya watoto. Nilimwamini."

Wakacheka tena, safari hii kwa kumwonea huruma, jambo ambalo ni baya zaidi. Mkutano ulipokwisha alimfuata meneja kwenye korido, akamwomba apigwe picha nyingine, hata kwa simu, hata bila kupaka chochote.

"Na bila poda, mama," meneja alisema, "tutaona nini?"

Aliliuliza hilo kama swali la kweli, akangoja jibu. Basi Bi Karibu akaambiwa kwamba wiki inayoanza ataripoti kufulia, na kwamba hoteli inathamini sana mchango wake. Alipokuwa akipita jikoni kutoka nje, mpishi mmoja alimuuliza alikonunua miwani, naye akakijibu kicheko kwa kicheko, maana angefanyaje.

*

Nyumbani alimkuta Kope ana mteja. Bibi harusi mtarajiwa alikuwa kwenye kigoda anajaribiwa rangi, jicho moja limekwisha, la pili bado, na shangazi yake ameketi pembeni anasimamia. Ilikuwa kazi kubwa, harusi ya watu wenye uwezo, ya bibi harusi pamoja na dada zake wote. Kope alikuwa ameitafuta kazi ile kwa muda mrefu na alikuwa ameikeshea.

Bi Karibu alisimama katikati ya chumba na pochi yake. Hakupaza sauti. Aliwasalimia wageni, akawauliza hali za nyumbani kwao, kisha akawaambia kwa sauti ile ile ya mapokezi kwamba kama wanapenda harusi yao isiwe kichekesho, wamwondoe mtoto wao kwenye kile kigoda.

"Mama," Kope alisema.

"Amenipaka jana kwa ajili ya picha ya kazini. Leo nimechekwa na watu wazima mpaka wanashika mbavu. Nimeondolewa mapokezi. Huyu hapa, mwanangu wa kuzaa, ndiye aliyenitoa. Sasa nyinyi amueni."

Shangazi alikuwa mtu mzima, hakutaka ugomvi wa watu. Alisema watarudi siku nyingine, akamshika bibi harusi mkono, wakatoka na lile jicho moja lililopakwa. Mtoto wa watu alijifunika kwa mtandio mpaka kwao. Kabla jua halijapungua, mtaa ulikuwa unajua. Kufika jioni, bibi harusi mwingine, ambaye hata hakuwepo, alituma ujumbe kwamba amepata mpambaji mwingine.

Wageni walipoondoka Bi Karibu alivibeba vikopo kimoja kimoja, akavimwaga kwenye beseni la maji ya vyombo. Rangi zilielea juu ya mafuta. Kope aliziangalia. Alikuwa amezinunua kidogo kidogo, kila bibi harusi akimletea kikopo kimoja.

"Uliongeza?" aliuliza.

"Sikuongeza kitu."

"Mama, niambie kweli. Uliongeza poda?"

"Nikaongeze na nini? Ulinipa?"

Kutoka chumba cha nyuma Fundi, ambaye alisikia kila neno na alikuwa tayari anafikiria dawa zake, alisema kwa sauti ya kuchoka kwamba nyumba hii inauliwa na mtoto. Kope akainama, akaanza kufuta meza. Alimwamini mama yake. Hilo ndilo la kusikitisha, alimwamini kabisa. Alirudia kichwani kila alichofanya asubuhi ile, sponji, poda, brashi, akatafuta mahali mkono wake ulipokosea, na kwa kuwa hakupaona, akaamua kwamba hajui kazi.

*

Kope alikwenda hotelini siku iliyofuata bila kumwambia mtu. Alivaa gauni lake la heshima, akajipaka kidogo kwa masalia yaliyobaki kwenye vifuniko, kwa sababu uso wake ndio ulikuwa kibao chake cha biashara. Alikaa kwenye benchi la wageni mpaka makalio yakafa ganzi. Hatimaye meneja akamwita.

Kope alikuwa ameyapanga maneno. Alisema kosa lote ni lake, mama hana hatia. Alieleza kwamba poda ile ikizidi inarudisha mwanga, kwamba yeye ni mwanafunzi tu wa kazi, kwamba akiruhusiwa atampaka mama tena bila poda hiyo, na kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayemlipa mpiga picha, kwa namna yoyote. Aliomba mama arudishwe mapokezi.

Meneja alimsikiliza. Hakuwa mtu mkatili kwa kupenda, alikuwa mkatili kwa kutokuwa na la kufanya. Mapokezi palikuwa na pengo, wageni wa mkutano wanakuja, na mpiga picha bado alikuwa na kazi ya kurudia picha ile. Kumrudisha yule mama kungemrahisishia mambo. Akageuza kompyuta ili Kope aone.

"Kwa hiyo hii ni kazi yako?"

Kope alisogea. Aliona mabaka, kwanza akaumia, kisha akatazama vizuri, kama anavyotazama uso wa mteja. Poda ilikuwa imekaa kwa mafungu. Ilikuwa imepita mpaka pembeni ya pua, juu ya rangi ya mashavu, mahali ambapo hakuna mpambaji angeipeleka. Upande wa kushoto kulikuwa na alama ya kidole. Alama ilionekana wazi, mviringo wake wote.

Hapo alielewa kila kitu. Alikumbuka beseni, na jicho moja la bibi harusi, na sauti ya mama yake ikisema nikaongeze na nini. Meneja alikuwa anangoja. Ilibaki kusema ndiyo tu, na mama angerudi kwenye meza yake.

"Hapana," Kope alisema. "Hii si kazi yangu. Ameongeza mwenyewe, kwa kidole. Mimi siwezi kupaka mtu hivi."

Tusimwonee. Alikuwa kijana, jina lilikuwa mali yake pekee, na lilikuwa limemwagwa kwenye maji ya vyombo. Lakini pia tusimtetee, kwa sababu alijua anachokisema na alikisema wazi.

Meneja aliegemea kiti. Alisema basi mama hakukosea tu, alidanganya mbele ya wafanyakazi wote, na mtu wa wasiwasi kiasi hicho hafai kukaa mbele ya wageni. Kope alijaribu kurudi nyuma, akasema mama alikuwa na hofu, ana mgonjwa ndani. Meneja hakuwa anasikia tena. Alikuwa anamtazama yeye, ngozi yake, namna alivyokaa.

"Umesoma mpaka wapi?"

Kope akamwambia.

"Hebu mkaribishe mgeni. Mimi ndiye mgeni, naingia sasa hivi."

Kope alilisema lile neno kama alivyolisikia tangu akiwa mtoto, kwa kupanda kule katikati na kushuka kule mwishoni, na swali linalofuata. Meneja akacheka kwa furaha. Alimwambia aanze wiki inayoanza. Kope akasema itabidi amuulize mama yake kwanza. Meneja akasema amuulize, ila yeye jioni hiyo atakuwa amepata mtu. Kope alifika mlangoni, akashika kitasa, akageuka na kukubali.

*

Bi Karibu alikuwa anakunja nguo za mumewe. Kope alisimama mbele yake bila kuvua viatu.

"Nimeiona ile picha, mama. Uliongeza."

Mama aliendelea kukunja. Alikunja shati, akalilainisha kwa kiganja, akaliweka juu ya mengine.

"Niliongeza," alisema.

"Mbona ulisema ni mimi?"

"Kwa sababu wewe kijana. Watu watasema mwezi mmoja, watasahau. Wewe utapata kazi nyingine. Mimi nikitoka pale sitapata."

Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayeeleza hesabu iliyo wazi, na ilikuwa ndiyo njia yake ya kuomba radhi. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile alimtazama mtoto wake usoni. Kama Kope angenyamaza dakika moja zaidi, huenda mama angemwambia kwamba siku ile alipopewa kioo aliona uzuri.

"Nimeshapata," Kope alisema.

"Wapi?"

"Pale pale. Mapokezi."

Bi Karibu alikaa juu ya nguo alizozikunja. Aliyejibu ni Fundi, kutoka ndani, na sauti yake kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi ilikuwa na nguvu.

"Basi vizuri. Bakshishi imebaki humu humu ndani. Mke wangu, mpe mtoto sare, ya nini kuitundika?"

Iliuma, na iliuma zaidi kwa kuwa ilikuwa kweli. Bi Karibu aliileta sketi na koti lenye nembo. Sketi ilikuwa pana kiunoni. Akachukua sindano, akampigisha Kope magoti pembeni yake chini ya dirisha, akaipunguza huku ameimeza midomo, na sindano ilimgusa mtoto mara moja, mara mbili. Hakuna aliyejua kama ni bahati mbaya. Kope hakulalamika.

*

Wiki ilipoanza walitoka nyumbani pamoja na kuingia kwa mlango wa nyuma pamoja, mmoja akapanda, mmoja akashuka. Meneja alikuwa amempa Kope maagizo. Wageni wa zamani wakimuuliza habari za yule mama, aseme amestaafu. Hoteli haipendi kusema kwamba inawarudisha watu nyuma. Na watu wa kufulia, wakipandisha taulo kwa ajili ya vyoo vya ukumbini, wangoje nyuma ya mlango unaoelekea lifti ya mizigo mpaka ukumbi uwe hauna mgeni.

Siku tatu Kope alifanya kazi vizuri. Alikosea majina, akajifunza. Picha ilipigwa upya, yeye yumo katikati. Lakini meza ilikuwa kavu, haina bakshishi. Wageni walimtabasamia, wakapokea funguo, wakaondoka. Alidhani labda hajazoeleka.

Siku ya nne akaingia mfanyabiashara wa vipuri vya magari, mtu mzima mwenye mkoba mkubwa, aliyekuwa akilala hotelini pale kila mwezi. Bi Karibu alimfahamu kuliko alivyowafahamu shemeji zake. Alijua hapendi chumba kinachotazama barabara, alijua mkewe alifanyiwa upasuaji. Ndiye aliyekuwa akiacha nyingi kuliko wote. Wakati huo Bi Karibu alikuwa amepanda na mkokoteni wa taulo, amesimama nyuma ya mlango, jasho la mvuke bado linamchuruzika shingoni. Aliitambua sauti. Akanyoosha mtandio kichwani bila kujua ni kwa nini.

Mfanyabiashara alimuuliza Kope yuko wapi yule mama.

"Amestaafu," Kope alisema. "Yupo nyumbani, anapumzika."

"Afadhali. Afadhali sana." Alikuwa anasema kwa moyo safi, huku akijaza jina lake kwenye karatasi. "Mimi nilikuwa namwonea huruma yule mama. Yale macho. Mtu unaingia, unamwona anakuchekea, na macho kama hajalala tangu mwaka juzi. Anaongea mno, lakini utafanyaje? Nilikuwa siwezi kupita bila kumwachia chochote. Si mimi tu, sote tunaokuja hapa tulikuwa tunasemezana. Tulisema yule mama amebeba mzigo."

Kope alitazama kule kwenye mlango wa lifti. Chini yake, kwenye uwazi, aliona gurudumu la mkokoteni na kiatu cha mpira.

"Wewe uko vizuri," mgeni alisema, akimtazama kwa furaha. "Unaonekana huna shida."

Kope akamshukuru, akampa ufunguo wa chumba kisichotazama barabara. Mgeni akachukua mkoba wake, akapanda ngazi bila kuacha kitu juu ya meza. Nyuma ya mlango Bi Karibu alingoja mpaka ukumbi ukawa mtupu, kama alivyoagizwa. Kisha akatoka, akapita mbele ya mapokezi bila kugeuza shingo, na kwenda kupanga taulo chooni.